Faida ya Unyevu

Nafahamu kwamba katika kurasa hizi za Kiswahili mmezoea kusoma habari za mpira, za safari na za mitihani. Leo naomba niwasimulie habari za neno moja tu, tena la lugha ya kigeni, ambalo lilimfanya msichana mmoja achelewe kuingia shule. Neno lenyewe ni la Kihispania, na mkosaji ni mimi.

Mimi ni Mgisu, mzaliwa wa milimani juu ya Mbale. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na ndugu yake, ambaye namwita Baba Mdogo. Yeye hana mshahara, ana mibuni. Kwa mibuni hiyo alinisomesha shule ya msingi, na kwa mibuni hiyo akanipeleka Jinja kusoma sekondari. Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu.

Mwaka ule, mwezi wa Mei, timu ya Real Madrid ilitwaa kombe la Ulaya kwa mara ya kumi. Bweni letu lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu, hawa Madrid na hawa Barcelona, na usiku ule wa fainali watu wa Madrid hawakulala. Walizunguka wakipiga kelele, “La décima! La décima!” Nikamwuliza mmoja wao maana yake. Hakuijua. Nikamwuliza wa pili, naye hakuijua. Wote walikuwa wakishangilia neno wasilolijua.

Jumamosi iliyofuata nilipata ruhusa ya kwenda mjini. Katika barabara kuu ya Jinja alikuwako mtu aliyetandika vitabu vikuukuu kando ya njia, na kati ya vitabu vyake nikaona kamusi ndogo ya Kihispania na Kiingereza, isiyo na jalada. Nikainunua kwa shilingi elfu tatu. Nikafungua palepale, nikakuta kwamba *décima* ni “ya kumi” tu, basi. Nilirudi bweni nikiwa mtu mkubwa.

Kumbe kamusi ile ilikuwa na mambo mengine ya kunivimbisha kichwa. Nilikuta kwamba meza kwa Kihispania ni *mesa*, na bendera ni *bandera*. Nikashangaa: Wahispania wameyatoa wapi maneno yetu? Kitabu chetu cha historia kikanijibu. Wareno walifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Kwa miaka ile yote waliwaachia Waswahili maneno yao, kama vile meza, bendera na leso. Na Kireno na Kihispania ni ndugu wa karibu. Mimi nikakata shauri kwamba, kwa kuwa ni hivyo, Kihispania kwangu ni lugha ya nyumbani. Wenzangu wakanipa jina la “Mhispania”, nami nikalipenda.

Shule ilipofungwa mwezi wa Desemba nilipanda basi kurudi kwetu. Mwenye kuijua njia ile ya Iganga na Tirinyi anajua furaha ya kuona majabali ya Wanale yakitokeza mbele kabla hujafika Mbale mjini. Nilishuka, nikapanda pikipiki mpaka mahali inapoweza kufika, halafu nikapanda mlima kwa miguu, kamusi yangu ikiwa mfukoni.

Nilimkuta Baba Mdogo katika mavuno ya mwisho. Watu wa Jinja hawaijui sana kazi hii, kwa hiyo nitaieleza. Matunda ya kahawa yakiiva na kuwa mekundu huchumwa, na siku ileile humenywa kwa mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Kisha punje hutiwa katika pipa au ndoo zichachuke kwa saa kumi na mbili, au hata siku nzima na zaidi kukiwa na baridi, mpaka ule utelezi wake ulegee. Halafu huoshwa kwa maji safi mara nyingi, na baada ya hapo huanikwa juani siku kadhaa huku zikigeuzwa. Hazikobolewi, huuzwa zikiwa bado na ganda lao la ndani. Kazi hii Baba Mdogo alifundishwa na baba yake, na wazee wale ndio waliokuwa wakipeleka kahawa yao kwenye chama cha ushirika cha Bugisu, kilichoanza Mbale mwaka 1954.

Jioni ya siku ya pili nyumbani walikuja wazee watatu jirani zetu. Baba Mdogo akatoa kijitabu kilichofungwa katika mfuko wa nailoni. Alisema kilisahauliwa na mgeni mmoja, mnunuzi wa kahawa, aliyepita kijijini akitoka nchi za Amerika ya Kati. Kilikuwa na picha ya mbuni juu ya jalada, nacho kimeandikwa Kihispania kuanzia mwanzo hadi mwisho.

“Mwanangu,” akasema Baba Mdogo, “wewe umesoma Jinja, na nasikia lugha hii unaijua. Hebu tusomee, tusikie wenzetu wa huko wanafanyaje.”

Wasomaji, hapo ndipo ningaliweza kusema, “Baba, sijui ila maneno machache.” Lakini wazee wanne walikuwa wakinitazama, na taa iliwekwa karibu yangu, na dada yangu, binti wa Baba Mdogo, aliyekuwa amefanya mtihani wa darasa la saba, alikuwa mlangoni akisikiliza. Nikafungua kijitabu.

Kichwa cha sura ya kwanza kilikuwa *Beneficio húmedo*. Nikatazama kamusi. *Beneficio*: faida. *Húmedo*: chenye unyevu.

“Sura hii,” nikasema, “inaitwa Faida ya Unyevu.”

“Maana yake nini?” akauliza mzee mmoja.

Kamusi haikunipa jibu, nami nikalitengeneza mwenyewe. “Maana yake, mzee, kahawa isikaushwe kupita kiasi. Ikiwa na unyevu huwa nzito, na mizani ndiyo inayolipa. Faida yake iko katika ule unyevu.”

Wazee wakatazamana. Nikaendelea. Mbele kidogo nikakuta kwamba kahawa iwekwe juu ya *camas africanas*. Nikatafuta: *cama* ni kitanda. “Hapa wanasema iwekwe juu ya vitanda vya Kiafrika.”

Wazee wakacheka sana. “Kitanda cha Kiafrika ni kipi?” akauliza mmoja. “Kile cha kamba?” Nami, badala ya kucheka pamoja nao na kukubali kwamba sijui, nikaona aibu, nikatengeneza jibu la pili: kwamba iwekwe ndani ya nyumba, kwenye vitanda, ili jua lisiuondoe ule unyevu wake.

Baba Mdogo hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akasema, “Marehemu baba alinifundisha kuianika mpaka ukiiuma kwa meno ilie ka! Lakini vitabu huandikwa na watu waliosoma.”

Kesho yake asubuhi hakutandaza turubai. Kahawa iliyokuwa imekaa juani siku mbili tu aliiingiza ndani, akaimwaga juu ya vitanda viwili, na watoto wakalala chini kwenye mkeka. Iliyooshwa baadaye nayo ikaingizwa vilevile. Mvua za Desemba zilikuwa zikinyesha kila alasiri, na nyumba haikuwa na joto. Baada ya siku nne nilisikia harufu, kama ya nguo zilizolala majini. Sikusema neno. Siku ya tisa akaitia katika magunia matatu, tukaipeleka Mbale.

Mnunuzi alitia mkono katikati ya gunia la kwanza, akatoa punje, akazinusa. Akazivunja maganda, akatuonyesha. Zilikuwa na ukungu. Kisha akaleta kipimo chake cha unyevu. Kahawa ya namna hii hutakiwa iwe na unyevu wa sehemu 11 au 12 katika 100, na yetu ilikuwa imepita mbali sana. Akasema kwa upole, “Mzee, kwa miaka yote kahawa yako huwa safi. Safari hii umefanyaje?”

Baba Mdogo akajibu, “Mvua.”

Magunia mawili yalikataliwa kabisa. La tatu lilinunuliwa kwa bei ambayo haikulipa hata gharama ya gari. Katika safari ya kurudi hakunilaumu kwa neno hata moja. Jirani walipomwuliza, aliwajibu jibu lilelile, “Mvua.” Wale wazee watatu walikuwa bado hawajafuata kijitabu changu, kwa maana walitaka kwanza kuona matokeo kwake. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Matokeo ya darasa la saba yalitoka, na dada yangu alikuwa amefaulu vizuri. Lakini fedha zilizokuwapo zilitosha ada ya mtoto mmoja. Baba Mdogo akalipa yangu kwanza, kwa sababu, alisema, mimi nilikuwa nimekwisha anza. Yeye akangoja mpaka mbuzi wawili walipopata mnunuzi, akaingia kidato cha kwanza wiki tano baada ya wenzake. Siku nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani akinibebea mfuko wa karanga. Nilipanda basi nisiweze kumtazama.

Nilirudi Jinja, na wenzangu wakaniita, “Mhispania!” Sikuitika.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliona nimebadilika. Siku moja baada ya masomo aliniita, nami nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: “Ulisoma neno lile, au ulisoma kazi inayofanywa kwa neno lile?” Sikufahamu. Akanipeleka kwenye chumba cha kompyuta, akaniambia niandike *beneficio húmedo*, kisha niitishe picha, si maelezo.

Picha zikaja. Hapakuwa na picha ya fedha wala ya mizani. Palikuwa na mashine za kumenya kahawa, mahodhi ya kuchachushia, mifereji ya maji, na watu wenye viatu vya mpira wakiziosha punje. Nikakaa nimeduwaa. Ilikuwa ni kazi ileile ya Baba Mdogo, ila kubwa zaidi!

Basi tukasoma pole pole. Neno *beneficio* asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kutenda mema. Kwa watu wengi wasemao Kihispania ni faida, kama kamusi yangu ilivyosema, nayo haikudanganya. Lakini zamani Wahispania walipokuwa wakichimba fedha na madini mengine katika Amerika, waliita *beneficio* ile kazi ya kuyasafisha mawe mpaka yatoe kitu chenye thamani. Na wakulima wa kahawa wa Amerika ya Kati huita *beneficio* kazi ya kuitengeneza kahawa, na hata kile kiwanda chenyewe. *Beneficio húmedo* ni matengenezo ya kutumia maji: kumenya, kuchachusha na kuosha. *Beneficio seco* ni matengenezo ya kahawa ikiwa kavu, yaani kukoboa na kuchagua. Sura ile haikumwambia mtu aiache kahawa na unyevu. Ilimwambia afanye yale aliyokuwa akiyafanya Baba Mdogo tangu utoto wake.

“Na vitanda?” nikauliza kwa sauti ndogo.

Mwalimu akacheka, akaniambia niandike *camas africanas*. Nikaona meza ndefu zilizoinuliwa juu ya nguzo, zimetandikwa wavu, kahawa imesambazwa juu yake, na upepo unapita juu na chini. Ndivyo wanavyoanika kahawa huko Ethiopia na Kenya tangu zamani. Wakulima wa Amerika walipoiga ufundi huo waliupa jina la walikoutoa: vitanda vya Kiafrika. Mimi Mwafrika nilisoma jina langu mwenyewe katika kitabu cha watu wa mbali nisilitambue.

Kisha mwalimu akanifundisha somo ambalo sitalisahau. “Tuseme,” akasema, “Mhispania amenunua kamusi ndogo ya Kiswahili kando ya barabara. Amepata barua kutoka kwenu isemayo kwamba mlimani kuna mibuni mingi. Akitafuta ‘mbuni’ na kukuta yule ndege mkubwa asiyeruka, si atadhani Wagisu wanafuga ndege hao juu ya mlima? Na akikuta kwamba mbuni ni mtu abuniye mambo, si atadhani nyote ni mafundi?” Akaendelea, “Hapa tulipo panaitwa Jinja. Kwa lugha ya wenyeji neno hilo ni jiwe. Je, ulipopanda basi ulimwambia utingo kwamba unakwenda jiweni?”

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

“Na ile *mesa* yako iliyokudanganya,” akamaliza, “ingekuwa heri ungetafuta pia neno pera.” Nikatafuta. Wasomaji, mapera mnayajua. Yale tunayoyaangusha kwa mawe nyuma ya bweni. Kihispania nacho kina neno *pera*, lakini ni tunda jingine kabisa, la nchi za baridi. Wareno walikuja na jina, watu wa pwani wakalivika tunda jingine. Laiti ningelifika kwenye herufi ya P kabla ya Desemba!

Likizo ya Mei ilipofika nilipanda mlima nikiwa na mzigo moyoni. Nilimkuta Baba Mdogo akipalilia. Nilimsalimu, nikaomba tukae, nikamwambia: “Baba, haikuwa mvua. Ni mimi. Neno lile sikulijua, nami nikajifanya nalijua.” Nikamweleza maana ya *beneficio*, na ile ya vitanda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Kwamba haikuwa mvua nilijua. Mimi nimeanika kahawa tangu sijafika kimo chako. Nami nilikosa, kwa kuwa nilijua na nikanyamaza.” Akanyamaza kidogo. “Lakini dada yako mwambie mwenyewe.”

Nilimwambia siku shule yao ilipofungwa na yeye kurudi nyumbani. Hakunijibu siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu aliniletea daftari lake la hesabu, akafungua penye zile wiki tano, ambapo hapakuwa na kitu. Akasema, “Anzia hapa.” Likizo ile yote nilimfundisha kila jioni mpaka kurasa zile zikajaa.

Asubuhi tulikuwa na kazi nyingine. Mimi na Baba Mdogo tulikata miti ya mikaratusi, tukasimamisha nguzo, tukapigilia fito na kutandika wavu wa chuma na chandarua kikuukuu. Ilikuwa meza ya kwanza ya kuanikia katika kilima chetu. Wale wazee watatu walikuja kuitazama, na mmoja akauliza inaitwaje. Baba Mdogo akanitazama, akawajibu kwa uso mkavu kabisa, “Hiki ni kitanda cha Kiafrika. Lakini halali mtu.”

Mavuno yaliyofuata, mnunuzi alitia mkono ndani ya gunia, akanusa, akaiuma punje kwa meno. Ikalia. Ada za watoto wawili zililipwa siku moja.

Sasa miaka mingi imepita. Jinja na Mbale zote mbili zilipewa cheo cha jiji mwaka 2020, na mimi nafanya kazi Mbale kwa wakulima wa kahawa. Mara nyingi huletewa karatasi za kigeni nizieleze kwa Kigisu na kwa Kiswahili. Kamusi yangu isiyo na jalada ninayo bado, lakini karibu nayo huweka daftari. Kila neno jipya naliandika humo pamoja na mambo matatu: ni nani aliyelisema, alikuwa akifanya kazi gani, na mkono wake ulikuwa umeshika nini. Nisipoweza kujaza hayo matatu, nasema mbele ya watu, “Hili silijui, nipeni siku mbili.” Hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kunicheka kwa maneno hayo.

Nawaomba ninyi mlio shuleni leo, hasa mnaotoka vijijini, mkumbuke jambo hili mwendapo likizo. Huko nyumbani wazazi wetu huheshimu karatasi mkononi mwetu kuliko tunavyostahili. Mkiulizwa maana ya neno msilolijua, jibu lake ni fupi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nilijifunza kwa magunia matatu ya kahawa na wiki tano za dada yangu.

Mwanafunzi wa Zamani, Mbale